Kaburi la Kwanza la Majitele

Nchi yenyewe ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Ramani zilipelekwa kuchapwa upya tulipobadilisha jina la bahari, na hazijarudi. Mimi ni raia mwema wa nchi hiyo. Kazi yangu ni kutangaza kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la wilaya, na kwa ajili hiyo watu wameniita Kipaza mpaka jina langu la ubatizo hunijia kwa kulitafuta. Natangaza chanjo. Natangaza kukatika kwa maji, kisha natangaza kurudi kwa maji, na mara nyingi tangazo hufika kabla ya maji, maji yenyewe yakaghairi. Sijawahi kutangaza jambo baya. Hata kipindupindu nilikitangaza kama wiki ya kunawa mikono. Kwa hiyo haya nitakayowaeleza ni mazuri matupu, na atakayeona ubaya ndani yake ajue kaja nao mwenyewe.

Wilaya yetu inaitwa Majitele. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni viwanda, na katikati ni tope. Viwanda ndivyo vilivyotangulia: cha sabuni, cha misumari, cha biskuti, na kimoja chenye bomba refu la moshi ambacho hakuna anayejua kinatengeneza nini, ila hakijawahi kukosa umeme. Watu wakavifuata. Wakaja kutoka Milimani, wakaja kutoka Ziwani, wakaja kutoka Tambarare, kila mmoja na kirago chake, kila mmoja akisema anakuja mara moja tu, akipata bati za nyumba anarudi kwao. Penye nchi kavu palikuwa pamekwisha kukaliwa na mashine. Ikabaki mikoko na kinamasi, wakaingia humo.

Ndiyo maana Majitele hakuna ardhi iliyowekwa na Mungu. Yote imewekwa na watu. Mwulizeni Bi Kalunde, mwanamke wa Ziwani, aliyefunga sabuni kiwandani mpaka ikaletwa mashine ya kufunga sabuni naye akafungishwa yeye virago. Kiwanja chake kilikuwa maji ya magotini. Alikijaza kikapu kwa kikapu: makombe ya chaza, makumbi ya nazi, majivu ya kiwandani, juu yake udongo mwekundu wa kubebwa kichwani. Ukimwuliza kazi hiyo ilimchukua muda gani, anakujibu kwa watoto: alianza akiwa na mimba ya wa kwanza, akamaliza wa mwisho akiwa shule. Leo ana nyumba ya vyumba vinne, jiko la nje, na mpapai unaozaa kama una deni la kulipa.

Na pamoja na hayo yote, ukimwuliza Bi Kalunde kwao wapi, atakwambia Ziwani. "Hapa napita tu, baba," atasema huku akichochea moto. Na kweli anapita. Ameanza kupita mimi sijaota ndevu.

Sote tulikuwa hivyo. Hata wafu wetu walikuwa hawakai. Mtu akifa Majitele, watu wa kwao wanachanga, basi linakodiwa, jeneza linafungwa juu pamoja na magodoro na jogoo wa mtu, na marehemu anasafirishwa kwenda kuzikwa kwa babu zake. Kuzikwa Majitele, kwenye tope, kati ya kaa na makumbi, lilionekana jambo la kumtakia adui. Kwa hiyo wilaya nzima, pamoja na wingi wetu wote, haikuwa na kaburi hata moja. Tulijivunia jambo hilo. Tuliona ni dalili ya afya.

Jambo jingine ni la utani, na hili mlijue mapema. Watu wa Ziwani na watu wa Milimani ni watani. Mababu zao walipigana kwa ajili ya chumvi, wakachoka, wakapatana kwamba kuanzia siku hiyo watachekana badala ya kuuana. Basi mtani anaweza kukupokonya kofia, kukuita mwizi wa mbuzi mbele ya wakwe zako, na kwenye msiba ndio kabisa: anaingia kaburini analala, anagoma kutoka mpaka apewe kuku. Nawe huruhusiwi kukasirika. Anayemkasirikia mtani amemwaibisha babu yake, na babu aliyeaibishwa huko aliko halali.

Sasa tuendelee na maendeleo.

Mwaka ule Serikali yetu tukufu iliamua kuhesabu watu. Ili kubana matumizi, liliulizwa swali moja tu: "Wewe ni mwenyeji wa wapi?" Makarani walipita nyumba kwa nyumba, wakakaribishwa chai, wakajibiwa kwa ukweli. Bi Kalunde akasema Ziwani. Jirani yake, Mzee Masumbuko, mgonjwa wa miaka mingi, akasema Tambarare, akakohoa kuthibitisha. Mimi nilisema Milimani, na kwa fahari, ingawa kule Milimani nilifika mara moja nikiwa nimebebwa mgongoni.

Matokeo yalisomwa na Redio ya Serikali. Wilaya ya Majitele: wenyeji, hakuna. Tulishangilia sana, kwa kuwa desturi yetu ni kushangilia matokeo kwanza na kuyasikiliza baadaye.

*

Baada ya hapo tulitembelewa na Kamishna wa Maeneo Matupu, Mheshimiwa Dakta Gervas Malongo. Huyu alikuwa msomi wa kweli. Alikuwa na tumbo la uongozi, fimbo nyeusi yenye kichwa cha fedha, na sauti isiyohitaji kipaza changu, ingawa alikitumia ili kisijisikie vibaya. Akatazama umati uliojaa uwanja wa kiwanda cha biskuti mpaka juu ya kuta, akasafisha koo.

"Ndugu zangu ambao hampo," alianza, "nimetumwa kuwashukuru kwa kutokuwepo kwenu. Nchi nyingi duniani zinahangaika kuhamisha watu. Sisi, kwa uongozi makini, tumejaliwa eneo kubwa, lililo karibu na bandari, ambalo watu wake wamejihamisha wenyewe hata kabla ya kulihamia."

Tukapiga makofi. Maneno yalikuwa na mpangilio mzuri.

Akaeleza mpango. Serikali ilikuwa na uchungu na kinamasi chetu, ambacho yeye alikiita ardhi oevu. Alisema ardhi oevu ni mapafu ya taifa, na mapafu hayachezewi. Ili ilindwe kikamilifu itajazwa kifusi, kifusi kitamwagiwa zege, na juu ya zege kitajengwa kiwanda kikubwa cha mabango yenye maneno TUTUNZE ARDHI OEVU. Mikoko itakatwa ipatikane nafasi ya wachoraji kuchora mikoko.

"Na ndege wa majini?" akauliza mtu mmoja wa mbele, mpenda kujua.

"Ndege wameshirikishwa," akasema Mheshimiwa. "Hakuna aliyeandika kupinga."

Hapo Bi Kalunde akanyanyua mkono. Alikuwa amekuja na kikapu chake cha makombe kichwani, kwani kona moja ya kiwanja ilikuwa imeanza kudidimia. "Mheshimiwa, samahani," akasema. "Mimi nipo."

"Mama, ulipohesabiwa ulisema wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Ziwani, baba."

"Basi uko Ziwani," akasema Dakta Malongo kwa upole, kama daktari wa watoto. "Karibu sana Majitele, na tunakutakia safari njema."

Watu wakacheka kidogo, Bi Kalunde hakucheka. "Sasa mtu anakuwaje mwenyeji?" akauliza. "Nieleze, baba, mimi sikusoma. Anafanya nini ili awepo?"

Swali hilo lilimpendeza Mheshimiwa, maana jibu lake alikuwa nalo kichwani. Akanyoosha fimbo. "Sheria iko wazi. Mwenyeji wa mahali ni aliyezikwa mahali hapo, pamoja na wafiwa wake. Nionyesheni kaburi moja hapa Majitele. Moja tu."

Tukatazamana. Mtu mmoja akatazama chini ya kiti chake.

"Mimi si mtu mkali," akasema Mheshimiwa. "Nitarudi mwisho wa masika. Nikiliona kaburi, tutazungumza. Nisipoliona, tingatinga litaanzia kwa huyu mama mwenye maswali."

Nikamsindikiza Bi Kalunde mpaka kwake. Alifika, akamimina makombe kwenye ile kona, akayakanyaga kwa visigino, kisha akakaa juu yake akafunika uso kwa ncha ya kanga. Nilidhani analia kwa ajili ya nyumba tu. Akaniambia, "Kipaza, unakumbuka nilivyompeleka marehemu mume wangu kwao Ziwani?" Nikasema nakumbuka, basi lilivunjika ekseli. "Kule nilifika wakaniuliza mimi ni nani. Mashemeji wote wamekufa, watoto wao wananikodolea macho kama mgombea aliyekosea kijiji. Nilizika, nikalala kwa watu baki. Niliporudi hapa nikafungua mlango, nikanusa hili tope letu, nikalia kwa furaha. Na sikumwambia mtu, maana niliona aibu. Nawe usimwambie mtu."

Sijamwambia mtu, isipokuwa ninyi.

*

Basi tukawa tunatafuta maiti.

Msinielewe vibaya. Sisi ni watu wapole na hatukumtakia mtu mabaya. Tulichotaka ni mtu mmoja aliye njiani tayari, mwenye moyo wa kujitolea, akubali kutosafirishwa. Kwa sifa hizo macho yote yalimwangukia Mzee Masumbuko. Huyu alikuwa ameaga dunia mara nyingi. Alishawaita wanawe kutoka Tambarare wasikie wosia, wakausikia, wakachoka, wakarudi shambani, naye akabaki kitandani anakohoa.

Ujumbe wa wazee ukaenda kumtembelea. "Mzee mwenzetu, unajionaje leo?"

"Vibaya," akasema Mzee Masumbuko. "Naona kama kifua kinaziba."

"Tunashukuru Mungu," akasema mmoja wa wazee, ikabidi wenzake wamfinye.

Wakamweleza shida yetu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, kisha akasema kwamba kuzikwa Majitele si jambo dogo, lakini kwa ajili ya majirani yuko tayari, ila asife na njaa. Hilo lilikuwa ombi la haki. Bi Kalunde akampikia supu ya samaki. Wanawake wa Milimani, wasikubali kushindwa na watani, wakaleta mtori. Watu wa Tambarare wakaleta maziwa ya mgando na kibuyu chake. Kila asubuhi mlango wake ulikuwa na foleni ya mabakuli, na kila mwenye bakuli alimwuliza kwa huruma anajionaje.

Jamani, Mzee Masumbuko akanenepa. Kikohozi kikamtoka kama mpangaji aliyefukuzwa. Akaanza kukaa kitandani, akaanza kukaa barazani, akaanza kutembea mpaka gengeni na kurudi. Tulipunguza supu, akatafuta mwenyewe. Ilipokaribia mwisho wa masika Mzee Masumbuko alikuwa ametuma mshenga kwa mjane mmoja wa mtaa wa misumari. Watu wengine walimnunia waziwazi. Yeye alisema anatuonea huruma lakini uhai hauna adabu.

Wakati huohuo vijana walikuwa wanachimba kaburi. Pale nyuma ya nyumba ya Bi Kalunde walichimba, maji yakapanda. Wakayateka, yakapanda na kaa ndani yake. Basi wakajenga kaburi namna tunavyojenga kila kitu Majitele: wakalijengea kuta za makombe na makumbi, wakalisiriba udongo mwekundu, likawa kaburi zuri sana lenye maji ya kiunoni. Kilichokosekana ni mwenye nalo.

*

Sasa huenda mtauliza, kama maiti hakuna, shughuli si iahirishwe? Aulizaye hivyo hajaishi kwetu. Kwetu shughuli ambayo mgeni rasmi amekwisha thibitisha kuhudhuria haiahirishwi, hata ikikosa sababu. Mahema yakafungwa. Viti vikapangwa, vya mbele vikiwa na vitambaa. Bendi ya tarumbeta ya kiwanda cha misumari ikaja. Mzee Masumbuko, kwa heshima, akateuliwa kusimamia mapokezi, akavaa suti iliyoshonwa kwa ajili ya kuzikiwa. Mimi nikawa mshereheshaji.

Mheshimiwa akashuka garini na fimbo yake. Nyuma yake alikuja mtangazaji wa Redio ya Serikali, kijana aitwaye Donasiano, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, ambaye alikuwa akirusha matangazo moja kwa moja. Huyu alikuwa mzaliwa wa Makao Makuu. Kule watu hawana watani. Kule ukimtania mtu anakupeleka mahakamani.

"Marehemu ni nani?" akauliza Mheshimiwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "marehemu amechelewa kidogo."

Akatazama kaburi kwa mbali, akatutazama sisi, akatabasamu. Alielewa yote. Akasema kwa sauti ya kutosha redioni kwamba kaburi tupu si kaburi, ni shimo, na kwamba mashimo yamo tayari katika mpango wa Serikali. Upande wa barabarani, nyuma ya mahema, tukasikia tingatinga likiwashwa. Bi Kalunde alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilimwonea uchungu mpaka nikasahau kuitambulisha meza kuu.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Dakta Malongo alikuwa msomi, na msomi haridhiki bila kupima. Akasogea ukingoni ili apime kina kwa fimbo. Ukingo wa Majitele una desturi zake. Ukadidimia taratibu chini ya kiatu chake cha kushoto, naye akatangulia fimbo, tubwi, akasimama ndani ya kaburi na maji yakimfika mkanda.

Katika mshtuko ule akamwita mama yake. Na akamwita kwa kilugha.

Mheshimiwa huyu siku zote alijitambulisha kama mtu wa Makao Makuu, na hata Kiswahili alikisema kwa namna ya mtu aliyezaliwa ofisini. Lakini ile ilikuwa lugha ya Milimani safi, ya kule juu kabisa kwenye ukungu, na hakuna mtu wa Ziwani asiyeitambua.

"Lo," akasema Bi Kalunde. "Kumbe ni mtani."

Akatoka pale mlangoni. Alitembea bila haraka mpaka kaburini, akakaa ukingoni akaning'iniza miguu, akajifunika kanga kichwani, akaanza kuomboleza. "Gervas wee, mtani wangu, mwizi wa mbuzi za babu yangu, umekwenda na nani atatuibia sasa?" Wanawake wote wa Ziwani wakaja mbio, nyuso zikiwaka furaha, wakalizunguka kaburi wakaketi bega kwa bega. Mheshimiwa akajaribu kupanda, wakamrudisha kwa vidole vya miguu, polepole, kwa heshima zote. "Maiti anakwenda wapi?" wakamwuliza. "Lala, baba. Kuku iko wapi?"

Niliuona uso wake. Ulianza kuvimba kwa hasira, ukafika mahali pa kupasuka, halafu ukasita. Nami ni wa Milimani, najua kilichomsitisha. Alimkumbuka babu yake. Mtu anaweza kuwa Kamishna, anaweza kuwa Dakta, lakini babu ni babu. Hasira ikamshuka, na badala yake likamtoka cheko ambalo sidhani lilikuwa limetoka tangu ateuliwe. Akaegemea ukuta wa makombe, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Haya, nimekufa," akasema. "Kuku nitaleta."

Basi hapo kilio kikapamba moto. Watu wa Tambarare nao wakaingia, ingawa hawahusiki na utani huo, kwa kuwa kilio kitamu hakiachwi. Mzee Masumbuko alilia kuliko wote. Bendi ikapiga wimbo wa maziko, maana ndio waliokuwa wameufanyia mazoezi.

Donasiano akasogea na kinasa sauti chake. Akamwinamia Bi Kalunde. "Mama, pole sana. Waeleze wasikilizaji, aliyelala humu ni nani?"

Bi Kalunde akamtazama yule kijana. Akatazama upande linakonguruma tingatinga. Akarudisha macho kwa kijana, na mimi niliyekuwa karibu nililiona lile jicho la mtu anayejua anachofanya, ingawa baadaye nilipoulizwa na wakubwa nilisema jua lilinichoma.

"Ni Dakta Gervas Malongo, mwanangu," akasema. "Amefia hapa, amezikwa hapa. Na hawa wote unaowasikia wanalia ni wafiwa wake."

*

Redio ya gari la Mheshimiwa ilikuwa wazi. Muziki ukakatika. Zikapigwa zile nyuzi nzito zinazopigwa kiongozi anapofariki, na sauti ya msomaji mkuu ikasema Serikali inasikitika kutangaza kifo cha Kamishna wa Maeneo Matupu, kilichotokea katika ukaguzi, na kwamba kwa mapenzi yake mwenyewe amezikwa palepale kazini.

Tukanyamaza kumsikiliza. Marehemu naye akafumbua macho akasikiliza. Ikasomwa historia yake: mchapakazi, mnyenyekevu, mpenda wanyonge, asiyejilimbikizia mali. Machozi yakamtoka Dakta Malongo mle kaburini, machozi ya kweli. "Sikujua kama taifa lilinipenda kiasi hiki," akasema. Bi Kalunde akampa ncha ya kanga apanguse pua.

Dereva wake alikuja akasimama kwa ukakamavu, kofia kifuani. Alisema anasikitika mno, Mheshimiwa alikuwa bosi mzuri, ila gari ni la ofisi na marehemu haruhusiwi kulitumia. Akaondoka nalo.

Kesho yake Dakta Malongo alikwenda Redio ya Serikali kwa miguu kuomba masahihisho. Walimpokea vizuri, wakampa kiti na maji. Mkurugenzi akamweleza kwamba Redio ya Serikali haijawahi kukosea tangu ianzishwe na haiwezi kuanzia kwake. "Hatukukosea, Mheshimiwa," akasema. "Tumewahi tu. Vuta subira, habari itakuja kuwa kweli." Alikwenda ofisini kwake, akamkuta naibu wake amekwisha kuapishwa, amekalia kiti chake huku akimlilia, na akiomba asisumbuliwe katika majonzi. Alikwenda nyumbani, shemeji zake wakamwambia dada yao yuko eda, haonani na mwanamume. Ikabidi arudi Majitele, mahali pekee ambapo kifo chake hakikumzuia mtu kumsalimia.

Tingatinga nalo likazimwa. Wanasheria wa Serikali walikuwa wamegundua kifungu kinachosema kaburi la kiongozi ni ardhi ya taifa: halihamishwi, halijazwi kifusi, halijengewi kiwanda. Na kwa kuwa Majitele imepata aliyezikwa, imepata na wafiwa, na wafiwa wa hapo ndio wenyeji. Ni akina nani? Ni wale waliolia. Nchi nzima ilikuwa imewasikia moja kwa moja. Kiwanda cha mabango kikapelekwa wilaya moja ya jangwani, ambako ardhi oevu haipo, lakini tumeahidiwa itapelekwa.

Mimi ndiye niliyetangaza uenyeji wetu kwa kipaza, mtaa kwa mtaa. Sauti ilinikatika njiani na sikuona haya. Watu walitoka nje wakakanyaga ardhi waliyoijaza wenyewe kana kwamba ndiyo kwanza wanaijaribu kama inabeba. Mzee Masumbuko alioa wiki ileile.

Siku hizi marehemu anakaa chumba cha uani kwa Bi Kalunde. Mkewe humletea pilau kila Jumapili, amevaa nguo nyeusi kwa ajili ya majirani. Kila mwaka viongozi wanakuja kuweka mashada kaburini, naye huwashikia mwavuli, nao humwambia pole. Ameomba kipande cha kinamasi kando ya mikoko na anakijaza makombe. Tumbo limepungua. Kuku wa watu alishalipa, tena majogoo, ingawa watani wanadai alitoa wagonjwa.

Juzi asubuhi nilipita pale kutangaza kurudi kwa maji. Walikuwa wamepumzika na vikapu vyao. Dakta alikuwa akitazama kaburi lake na kaa wakitembea ukingoni.

"Mtani," akamwuliza Bi Kalunde, "nikifa kifo cha kweli, ndio mtanilaza humu?"

"Humo wamekwisha kuhamia kaa na familia zao, utawaweka wapi?" akasema. "Wewe tutakukodia basi, tukurudishe Milimani kwenu wakakuzomee."

"Na wewe tukupeleke Ziwani?"

Bi Kalunde alitazama jiko lake, akatazama mpapai, akafuta jasho. "Mimi mnanipeleka wapi tena?" akasema. "Mimi mtanizika hapa, nyuma ya jiko, niwe nawasikia mnavyounguza wali."

Nilisimamisha gari, nikashika kipaza, maana habari kama hiyo haijapata kutokea Majitele. Bi Kalunde akaniona akanizuia kwa mkono. Alisema mambo ya nyumbani hayatangazwi.